Maneno ya Leo: Kunja

Jumatatu, 3 Machi

Maneno ya leo: kunja (mara sita).

Nimeagizwa kuandika. Yule binti wa hospitali anayewafundisha wagonjwa wa kiharusi kusema upya, ambaye mimi namwita Bi Kadi kwa kuwa haendi popote bila bunda la kadi zake za picha, ameniambia: "Mama, kila neno atakalolitoa Mwalimu uliandike, na ni mara ngapi." Nyumba hii haijawahi kukosa karatasi. Nimechukua daftari lake mwenyewe. Kurasa za mbele ni zake, za nyuma zilikuwa tupu. Akikasirika kwamba nimeingilia kazi yake, aseme. Akisema, nitapiga vigelegele mpaka majirani waje.

Mwalimu ni mume wangu. Alifundisha Kilatini shule ya mapadre miaka ishirini na sita, mpaka somo likafutwa akabaki na jina la ualimu bila wanafunzi. Mimi nafanya kazi dobi la hospitali, meza ya kukunja. Sifui wala sipigi pasi. Nakunja shuka, foronya na magauni ya wagonjwa, mwaka wa kumi na tisa huu. Sasa mume wangu amebakiwa na neno moja tu duniani, nalo ni hilo. Wenzangu kazini wanasema ananitania.

Jumanne, 4 Machi

Kunja (mara nne). Mvua imeanza.

Alhamisi, 6 Machi

Kunja (mara tisa). Mashine ya kukaushia imekufa kazini. Tumetundika shuka kwenye korido mpaka manesi wanapita wameinama.

Jumamosi, 8 Machi

Kunja (mara tano).

Sina zamu leo, na mvua haina haraka. Niandike lililotokea, maana Bi Kadi aliniuliza Mwalimu alikuwa anafanya nini alipoanguka, nikamjibu, "Alikuwa nyumbani." Hilo si jibu.

Tarehe 23 Januari tulikuwa na wageni, walimu wawili aliofanya nao kazi zamani. Mmoja akamuuliza kile kitabu anachoandika juu ya kitenzi kimoja kimefika wapi. Mwalimu akaanza, uso umemkunjuka, Kilatini hiki, Kireno kile. Mimi nilikuwa nimetoka zamu, miguu imevimba. Nikasema mbele yao: "Miaka kumi na mmoja analea kitenzi. Wenzake wanalea watoto." Sisi hatukujaliwa mtoto, na kila aliyekuwa sebuleni alilijua hilo. Hakuna aliyecheka.

Wageni walipotoka alitia mashati manne kwenye begi akaenda kwa dada yake. Hakunifokea. Angefoka ningejua pa kushika. Siku kumi na tisa sikumwona wala sikumpigia simu, kwa kiburi changu tu.

Tarehe 11 Februari nilitoka kazini saa tisa. Mlango haukuwa umefungwa. Nilimkuta sakafuni chumbani, mdomo umekwenda upande, jicho moja linanitazama. Begi lilikuwa kitandani, wazi. Kabati wazi. Nguo nyingine zimo begini, nyingine ziko juu ya kitanda. Nikapiga kelele, jirani akakimbia kutafuta gari. Nikakaa chini nikampakata kichwa.

Sijui niliinuka saa ngapi. Jirani aliporudi alinikuta nimesimama kando ya kitanda, nimemaliza. Nguo zote nilikuwa nimezikunja kwa tatu, kola ndani, kama tunavyokunja kazini, nimezipanga kabatini. Begi tupu nililiweka juu ya kabati. Mikono ilishikwa na hofu ikafanya kile inachokijua.

Mtu mwingine yeyote angeziacha zilivyo. Na mtu pekee ambaye angeweza kuzisoma ni mimi. Shati lililotoka kabatini kwangu lina mkunjo wangu. Lililotoka kwa wifi lina mkunjo wa wifi, kwa nne, mikono nje. Kutupa jicho tu kungetosha nijue kama alikuwa anatoa nguo begini kuzirudisha kabatini, au anatoa kabatini kuzitia begini. Alikuwa amerudi, au alifuata zilizobaki? Ushahidi wote niliukunja mwenyewe nikaupanga kwenye rafu.

Jumapili, 9 Machi

Kunja (mara tatu, zote mbele ya wifi).

Wifi amekuja. Ni fundi cherehani, na husema kama ana pini mdomoni hata siku asipokuwa nazo. Akamshika kaka yake paji la uso. Kaka yake akamwambia, "Kunja." Wifi akageukia dirishani kwanza, halafu akanigeukia mimi.

"Wifi," nikamuuliza, "siku ile alipotoka kwako alisema anakwenda kufanya nini?"

"Una hakika unataka kujua?"

"Nataka."

"Alisimama mlangoni na begi. Nikamwambia, mbona asubuhi hivi? Akasema, 'Leo nakwenda kukunja jamvi.'"

"Basi alikuwa anarudi! Jamvi la ugomvi. Yaani yaishe."

"Jamvi la ugomvi?" Wifi akacheka bila kufungua meno. "Mtu akikunja jamvi, shughuli imekwisha, watu watawanyike. Shughuli yenyewe ilikuwa ndoa yenu."

"Hakusema ndoa."

"Wala hakusema ugomvi. Mimi najua alivyokuwa analala kwangu. Kama alikuwa anaondoka, mahali pake ni kwangu. Chumba kipo, na mimi nashona nyumbani, simwachi peke yake kama wewe unavyomwachia jirani."

Nikasema hatoki. Akasema atatoka. Mwalimu katikati yetu, mate yanamchuruzika, hakuna aliyemfuta. Wifi ndiye aliyeona, akamfuta kwa kanga yake, kisha akasema taratibu, "Tusimgombanie kama nguo ya mnada. Akipata maneno aseme mwenyewe. Akisema alikuwa anafika, sitatia neno. Akisema alikuwa anaondoka, nampakia siku hiyo hiyo."

Nilikubali upesi. Nilijiona mwenye haki.

Jumatano, 12 Machi

Kunja (mara saba).

Nimesoma kurasa za mbele. Miaka kumi na mmoja sikuwahi. Mwandiko wake ni mdogo, wa mtu anayeogopa karatasi itakwisha. Kitenzi chenyewe ni plicare. Ni Kilatini, na maana yake ni kukunja. Yaani muda wote huo alikuwa anaandika kuhusu kazi yangu! Hakuwahi kuniambia. Au aliniambia nikiwa nachemsha maji.

Anasema Kilatini kilikufa kikaacha watoto, na kila mtoto akashika urithi wake. Kifaransa na Kiitalia walibaki na kazi ya mama yao, plier na piegare, kukunja tu. Kihispania na Kireno wakaugeuza, llegar na chegar, ikawa kufika. Wengi husema ilitokana na mabaharia: chombo kikikaribia bandari tanga hukunjwa, kwa hiyo aliyekunja amefika. Lakini Kiromania, yule mtoto wa mashariki, anasema a pleca, na kwake ni kuondoka. Huko husemwa ni askari: hema likikunjwa, kambi imehama. Pembeni ameongeza kwa wino mwekundu: "Wataalamu wanabishana. Huenda tanga na hema ni hadithi tamu tu. Maana mbili, hata hivyo, zipo." Neno "mbili" amelipigia mstari.

Nikaenda na daftari mpaka kitandani kwake. "Mwalimu," nikasema, "kunja ya tanga au kunja ya hema?"

Alinitazama kwa lile jicho zima kwa muda mrefu. Nilidhani jibu linakuja.

"Kunja," akasema.

Nilikwenda kulia jikoni, nimefungulia bomba.

Jumanne, 18 Machi

Kunja (mara nne). Shuka hazikauki.

Jumatano, 19 Machi

Kunja (mara nne). Shuka hazikauki.

Jumamosi, 22 Machi

Kunja (mara nane).

Nimeonyeshwa kumnyoosha mkono na mguu, asubuhi na jioni, kukunja na kukunjua mara ishirini. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na huyu wangu ameanza kukauka. Kiwiko kinagoma. Nikikikunja anasema "Kunja", na kwa dakika chache tunakuwa watu wawili wanaoelewana. Ndiyo dakika nzuri ya siku. Nimeanza kuingoja nikiwa kazini, kisha najikumbusha kwamba huenda nambembeleza mtu aliyekwisha kunipa mgongo.

Alhamisi, 27 Machi

Kunja (mara mbili tu).

Wodi ya wazazi imerudisha shuka, zinanuka uvundo. Msimamizi ametukalia vikao viwili kana kwamba mvua tunainyesha sisi. Mwenzangu wa meza, tunayemwita Kipaza kwa sababu sauti yake inazishinda mashine, akaniambia, "Dada yangu, shukuru Mungu. Wako ana neno moja na lina maana. Wangu anayo yote na hakuna hata moja la kushika." Tulicheka mpaka tukaegemea meza. Nilipofika nyumbani kile kicheko kilikuwa kimeniganda mahali, kinauma.

Alhamisi, 3 Aprili

Kunja (mara sita).

Bi Kadi alimpa penseli, mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia umekufa. Akachora mstari mmoja ukaporomoka mpaka nje ya karatasi. Akaitupa penseli chini ya kitanda. Bi Kadi anasema hajui Mwalimu anasoma kiasi gani bado. Huenda anasoma yote, huenda hasomi kitu.

Nimesoma tena daftari. Kiitalia wana spiegare, kukunjua. Ndilo hilo hilo neno lao la kueleza. Ukimweleza mtu jambo, umemkunjulia. Nimekaa na sentensi hiyo mpaka chai ikapoa. Nimechoka na mambo yaliyokunjwa. Nikifumba macho naona kitanda kile, begi lile, nazitafuta kola, nazitafuta nne za wifi, na kila shati ninaloliona lina mkunjo wangu.

Jumapili, 13 Aprili

Kunja (mara tano).

Wifi huja kila Jumapili sasa, hata barabara ikiwa mto. Nilikuwa namchukulia kama askari aliyekuja kukagua. Leo kaleta pajama aliyoishona upya: mkono wa kulia ameupasua mpaka kwapani akaweka vifungo, ili ule mkono mfu uingie bila kumuumiza. Miezi miwili nilikuwa namvalisha kwa kuvuta, na anakunja uso, na mimi namwambia avumilie. Nguo ndiyo kazi yangu, na sikuwaza.

Nikamwambia, "Asante, wifi." Akajibu, "Ni kaka yangu." Hakusema kwa ubaya. Nimeanza kuogopa kwamba kwake angetunzwa vizuri zaidi.

Jumatatu, 21 Aprili

Kunja (mara nne). Mvua.

Alhamisi, 24 Aprili

Kunja (mara tatu). MAJI (mara moja!).

Nilikuwa nampa kikombe. Akasema "maji" kama mtu wa kawaida, kana kwamba ni jana tu. Nilimwaga yote kifuani mwake. Bi Kadi alipiga makofi kwenye simu, akasema mlango umefunguka, mengine yatafuata, ndani ya mwezi huenda akajibu maswali ya ndiyo na hapana na vitenzi vichache vya kila siku. Nikauliza vitenzi gani. "Kula, lala, njoo, kwenda, fika, ondoka. Vya kawaida, mama."

Nimefurahi. Naandika tena ili nijisadiki: nimefurahi.

Jumapili, 4 Mei

Kunja (mara tano). Maji (mara mbili).

Wifi alikuja na mfuko wa plastiki, ameukumbatia usilowe. Alikuwa anapaka chokaa kile chumba, akasema, akakuta vitu vya kaka yake chini ya kitanda, ameona avilete maana "vinamhusu". Akavitoa kimoja kimoja juu ya meza yangu. Kandambili zake. Wembe wake. Miwani ya kusomea. Na kamusi ya Kilatini, ile nyekundu iliyofungwa kwa mpira, ambayo katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kulala nyumba moja nayo ikalala nyingine.

Nilikaa.

"Wifi," nikasema, "hivi vyote aliviacha siku ile?"

"Aliviacha."

"Alisahau."

Nilimwona anatafuta mahali pa kuanzia, na sikuwahi kumwona hivyo. "Nilitaka kuvifungasha aondoke navyo," akasema. "Akaniambia, 'Viache, jioni nitakuwa hapa.'"

"Miezi mitatu hukuniambia hilo."

"Ulikuwa unamwosha na kumlisha. Ningekuambia ili iweje? Hata leo nilisema nitaweka tu mezani ninyamaze. Umeniuliza."

Mtu anayerudi kwa mkewe haachi kandambili. Haachi miwani. Haiachi kamusi, mtoto wake wa miaka kumi na mmoja, chini ya kitanda cha watu. Ilikuwa hema. Nilikuwa najua, nadhani, tangu nilipokuta mlango wazi.

Wifi aliondoka bila kugusia yale makubaliano yetu. Ningependa angeyagusia, nigombane naye. Mlangoni alinishika bega, akasema tu, "Tumngoje aseme." Mwalimu alikuwa ameiona kamusi. Alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea mezani. Nimeiweka juu ya kabati, kando ya begi.

Alhamisi, 8 Mei

Kunja (mara kumi na moja). Sitaki kuandika.

Jumamosi, 10 Mei

Sikuhesabu.

Jumatano, 14 Mei

Kunja. Hapana (mara moja, wazi).

Leo asubuhi nilimkunja kiwiko kwa nguvu kuliko nilivyofundishwa. Alitoa sauti. Haikuwa neno, kwa hiyo sikutakiwa kuiandika, lakini naiandika. Nilikuwa nafikiri: ulikuwa unakwenda, Mungu akakushika mguu, akakuangusha miguuni pangu, na mimi ndiye ninayekutawaza. Nilikuwa nafikiri vilevile: hutoki tena. Hili la pili lilinipa raha, na raha yenyewe ilinitisha. Nikamwekea kitambaa cha moto, nikamwomba radhi. Hapo ndipo aliposema "hapana". Hapana haikuuma, au hapana sikusamehe, sijui. Jioni nilimshushia kamusi yake. Aliilaza kifuani, hakuifungua.

Jumamosi, 17 Mei

Kunja (mara mbili). Maji. Ndiyo. Hapana. Lala.

Mvua imepungua. Kazini mashine imetengenezwa, shuka zinatoka kavu, zina joto. Kipaza anaimba. Mimi nakunja na ninahesabu siku.

Jumatano, 21 Mei

Maneno ya leo: ndiyo (mara tatu), maji (moja), kunja (mara mbili).

Jua kali. Tulikwenda hospitali kwa gari la jirani. Bi Kadi alimwekea kadi mezani moja baada ya nyingine. Kikombe. Kitanda. Mbwa, akasema "mbwa", akapewa tiki na daftarini nimelisahau. Halafu akaweka ya mtu aliyesimama mlangoni na begi mkononi.

"Mwalimu, huyu anafanya nini? Anafika au anaondoka?"

Mwalimu aliitazama ile picha. Akanitazama mimi. Akairudia picha.

"Kunja," akasema.

Bi Kadi akaweka alama ya kosa. Nikamwambia, "Mpe tiki." Akacheka kwa upole, "Mama, huyu anafika." Nikamuuliza umejuaje. Akaigeuza kadi anionyeshe: imeandikwa nyuma. Nikatamani kila kitu kingekuwa kimeandikwa nyuma.

Mwisho akatoa karatasi ya maneno kumi ya kumfundisha nyumbani. Kwa bidii wiki mbili, akasema, atayatamka yote kwa maana yake, yuko tayari kabisa. Maji, choo, baridi, maumivu, kula, lala, njoo, asante, fika, ondoka. "Kama kuna usiloliona la lazima, badilisha. Wewe ndiye unayeishi naye."

Nilichukua kalamu yake. Nikafuta fika. Nikafuta ondoka. Nikaandika blanketi na dirisha.

"Una hakika, mama? Yale ni ya kila siku."

"Kwetu si ya kila siku," nikasema. "Hatoki huyu."

Mkono wangu haukutetemeka, ndiyo maana najua nilichokifanya. Tangu Machi nilikuwa nawaomba watakatifu wote maneno hayo mawili. Nimeyafuta kwa mstari mmoja ulionyooka, mbele ya mtu aliyesahihisha madaftari ya watu miaka ishirini na sita. Karatasi ilikuwa imegeukia upande wake. Alikuwa anaitazama.

Nyumbani nilimketisha karibu na dirisha. Aliinyooshea kidole ile karatasi, nikampa. Akaonyesha penseli, nikampa. Akaiweka karatasi juu ya kamusi na kwa mkono wa kushoto akakwaruza, polepole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe, sikusogea. Ilimchukua muda mrefu. Haukuwa mstari mmoja wa kuporomoka. Aliinua penseli, akaishusha, akainua, kama mtu anayetenga herufi.

Halafu akaibana karatasi kwenye paja na kuikunja kwa mkono ule mmoja. Aliikunja kwa tatu. Yeye maisha yake yote hukunja karatasi kwa mbili. Kwa tatu ni mkunjo wangu.

Akaninyooshea. "Kunja," akasema.

Wifi anakuja Jumapili. Karatasi nimeitia humu, katikati, pale kurasa zake zinapoishia na zangu zinapoanzia. Sijaikunjua.